Shajara ya Mradi: Wauguzi 46, Kisima Kimoja, Pembeni mwa Chalbi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Uamuzi umepita leo. Tutawakutanisha wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki 46 wa zahanati za mbali za Marsabit, Isiolo na Samburu, siku nne, usiku tatu. Na tutawakutanisha jangwani.

Wenzangu wawili kwenye kamati walitaka hoteli ya Isiolo au Nanyuki. Umeme upo, lami inafika mlangoni, chai ya saa nne inaletwa mezani. Nawaelewa. Lakini hawa watu wamekalishwa kwenye kumbi za hoteli mara nyingi, wakaandika, wakatia sahihi karatasi ya posho, wakarudi walivyokuja. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na miaka yote hiyo ndio waliokuwa wakizungushia utepe wa kupimia utapiamlo mikono ya watoto kuanzia asubuhi hadi jioni, wakiita rangi: kijani, manjano, nyekundu. Mvua ziliporudi 2023 zikaja kama mafuriko, na ndio walioachwa upande wa pili wa laga, mto wa msimu, wakiwa na kina mama wa kujifungua. Wengi wako peke yao kituoni. Kituo chenye muuguzi mmoja hakijui likizo. Sitaki kuwapa semina nyingine. Nataka wapate mahali pa kulala usingizi, na mahali pa kuongea na mtu anayejua wanachosema.

Mahali tunapopafikiria ni kituo cha mafungo kilichojengwa na wamisionari zamani, upande wa Kalacha, pale chemchemi na mikoma zinapoishia na Chalbi inapoanza. Nyumba nane za mawe zenye paa la mabati, ukumbi, jiko. Mbele yake tambarare nyeupe mpaka macho yachoke. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, chumvi na udongo mkavu kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana, na mvua yake haifiki milimita 200 kwa mwaka.

Jumatano, 26 Machi

Tumepanga tarehe. Aprili na Mei hapana, Oktoba mpaka Desemba hapana: ile sakafu ya ziwa ikinyeshewa inageuka uji, na lori likizama huko mnakaa nalo. Imebaki Juni hadi Septemba. Mwanzoni mwa Septemba kuna Maulidi na kundi letu lina Waislamu wengi, kwa hiyo tumeanza siku iliyo salama: Jumamosi tarehe 6 hadi Jumanne tarehe 9 Septemba.

Nimetuma malipo ya awali kwa ofisi inayosimamia kituo. Risiti imekuja jioni ileile. Nimeandika kwenye daftari la kamati: "Mahali pamepatikana."

Alhamisi, 12 Juni

Nimefika. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni karibu kilomita 550 na sasa yote ni lami. Wanaokumbuka safari ya malori juu ya mzigo, siku mbili za vumbi kutoka Isiolo, huisimulia kama habari ya nchi nyingine. Ukitoka Marsabit kuteremka kwenda Maikona, lami inakuaga. Unapita kwenye mawe meusi ya volkano, makubwa kama vichwa vya watu, yamepangana mpaka upeo wa macho, na gari linakwenda mwendo wa punda. Halafu ghafla mawe yanakwisha na unaingia Chalbi. Dereva wetu alizima redio alipoingia pale. Hakuna aliyemwambia.

Kituo kiko vizuri kuliko picha. Vitanda vipo, neti zipo, jiko lina nafasi ya masufuria makubwa. Nilikuwa napima ukumbi kwa hatua zangu nilipoona wazee watatu wamekaa chini ya mkoma, wakiningoja nimalize. Sikujua walikuwa wakiningoja mimi.

Mmoja wao ndiye mwenye kusimamia zamu za maji. Kwa Kiborana, lugha ambayo Wagabra, wafugaji wa huku, wanazungumza, anaitwa *abba herega*, baba wa zamu. Tukasalimiana, nagaa kwa nagaa, yaani amani kwa amani, akaniuliza habari za njia, habari za mvua za kwetu, habari za watoto. Chai ikaja, ya maziwa ya ngamia. Tulipomaliza kikombe cha pili akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Binti yangu, nimesikia unaleta watu hamsini mwezi wa tisa. Watakunywa nini?"

Nikamwambia tumelipia kituo, na kituo kina kisima.

"Kituo kina bomba," akasema. "Kisima ni cha hawa." Akaonyesha kwa fimbo. Nilidhani anaonyesha nyumba za kijiji. Alikuwa anaonyesha ngamia.

Miezi mitatu nimekuwa nikiandika kwamba mahali pamepatikana. Niliweka nafasi ofisini, sikuweka nafasi kisimani. Mwezi wa tisa ni kilele cha kiangazi, wakati mifugo inarudi kwenye maji ya kudumu kutoka pande zote, na mimi nilikuwa nimejipangia kuleta watu 54, ukihesabu wapishi na madereva, bila kumuuliza mwenye zamu. Nimemwomba radhi pale pale. Alisema tulale, kesho tuhesabu.

Ijumaa, 13 Juni

Tumehesabu. Naandika hesabu yote, maana ndiyo mradi wenyewe, mengine yote ni mapambo.

Pampu ni ya sola. Kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana maji ni ya mifugo. Saa nane hadi saa kumi ni ya nyumba za kijiji na shule. Kituo kinapata saa kumi hadi saa kumi na mbili, jua likiwa limeshalegea. Tumeyapima maji ya jana jioni kwa ndoo na saa ya mkononi: lita 1,100 kwa zile saa mbili. Kituo kina matangi mawili ya lita 5,000. La pili lina ufa chini na halishiki kitu.

Upande wetu: mtu mmoja kwa siku, lita 5 za kunywa kwa joto hili, 5 za kupikia, 10 za kuoga kwa kopo, 5 za vyombo na kunawa. Lita 25. Viwango vya misaada ya dharura vinataja 15 kama kiasi cha chini, kwa hiyo hatujajipunja wala hatujajidekeza. Watu 54 mara 25 ni lita 1,350 kwa siku, lita 5,400 kwa siku nne. Tangi moja likijaa kabla ya kuja, na zile 1,100 za kila jioni, tunatosha na kubakiza.

Kisha fundi wa kituo, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na vyoo?"

Vyoo vya kituo ni vya kuvuta maji. Tumefungua tangi dogo la choo kimoja na kulimimina kwenye ndoo yenye alama. Lita 9 kila ukivuta. Watu 54, mara nne kwa siku, mara 9: lita 1,944. Kwa siku moja. Choo peke yake kinapita kunywa, kupika, kuoga na kuosha vyombo vikiwekwa pamoja.

Abba herega aliomba arudiwe hiyo namba. Ngamia aliyekaa muda mrefu bila maji anakunywa lita 100 kwa mkao mmoja. Mzee akahesabu kwa vidole, akafika kumi na tisa, akaongeza kimoja kwa ajili ya ndama. Hakusema neno la lawama. Aliangalia tu upande wa hori, ambako kundi la mchana lilikuwa linangoja, ngamia wamepanga shingo juu ya shingo, na kijana mmoja anawaimbia ili wasisukumane.

Vyoo vya kuvuta vitafungwa siku zote nne. Nyuma ya kituo kuna vyoo vya shimo vya zamani, matundu sita, vimejaa mchanga na paa limeng'oka. Vitafufuliwa.

Jumamosi, 14 Juni

Makubaliano, mbele ya wazee saba na mama mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji: hatutapewa hata dakika moja nje ya zamu ya kituo, ngamia wachache wawepo au wengi. Ada yetu kwa kisima haitakuwa pesa, bali kukarabati hori moja la saruji linalovuja, na kazi iishe kabla ya mkutano, wala si baada yake. Hatukati mti wowote karibu na chemchemi isipokuwa mathenge. Huo wameturuhusu kukata hata wote. Uliletwa kuzuia mchanga, sasa unakunywa maji na kuziba malisho, na maganda yake yanawaharibu mbuzi meno.

Mama mwenyekiti aliongeza moja ambalo wazee hawakulifikiria. Siku mojawapo kati ya hizo nne, wauguzi wawili wakae chini ya mkoma na kina mama wa kijiji, kwa maongezi tu, bila kliniki wala foleni. Nilitaka kukataa, kwa sababu nimeahidi hawa watu mapumziko. Nikasema nitawauliza wenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Hasara. Tulikodi mahema mawili makubwa mjini, yale ya harusi, ili tujaribu kivuli cha mikutano. Mwenye kukodisha alituhakikishia kwamba yanahimili upepo. Tumeyasimamisha Ijumaa mchana, pametulia, tumepiga picha. Saa tano usiku upepo ukaanza. Saa nane usiku hema la kwanza lilipasuka katikati kwa sauti ya nguo inayochanwa, na la pili liliburura vigingi vyake mpaka kwenye ukuta wa jiko. Hakuna aliyeumia. Mabomba ya chuma yamepinda kama shingo ya korongo.

Upepo huu haukuwa wa bahati mbaya. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna pengo, na hewa inayotoka kusini-mashariki inabanwa humo na kutoka kwa kasi, hasa usiku na asubuhi. Ndio huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme wa upepo upande wa Loiyangalani. Watu waliweka mamia ya mitambo hapa kwa sababu ya upepo, mimi nikaleta turubai la harusi.

Jumanne, 22 Julai

Jibu la kivuli lilikuwa limekaa kilomita moja kutoka kituoni. Nyumba za Wagabra zimesimama hapa kwenye upepo huohuo vizazi na vizazi.

Nimezungumza na kina mama sita, kupitia mama mwenyekiti. Nyumba ni mali ya mwanamke na ndiye anayeijenga. Boma likihama anaifumua na kuipakia juu ya ngamia. Wamekubali kutujengea vivuli vinne virefu kuliko nyumba ya kawaida, kwa malipo ya kazi na mikeka mipya ibaki yao.

Leo nimekaa kutazama cha kwanza. Mama mkubwa alianza kwa kuchutama na kurusha mchanga kidogo hewani, mara tatu, sehemu tatu tofauti. Kisha akachora tao ardhini kwa kisigino. Fito zake ni za mizizi ya mgunga, zimepinda tayari, zimelainika kwa kushikwa miaka mingi. Hakupigilia msumari hata mmoja. Kila zinapokutana fito mbili alifunga kamba ya ngozi, akaivuta kwa meno, akaigonga kwa kiganja kusikia mlio. Mlio ukiwa mnene, anafungua, anafunga upya. Nilimuuliza anasikiliza nini. Binti yake akatafsiri: "Ikilia kama ngoma, upepo utaivunja. Ikinyamaza, itacheza na upepo." Mikeka ya katani ikapandishwa kwa tabaka, zito upande wa mashariki, upande mwingine wameacha pazia la kuinua.

Saa saba mchana nimepima: ndani ya nyumba ya mabati nyuzi 41, ndani ya kivuli cha mama nyuzi 34. Usiku nililala humo. Mikeka ilipumua usiku kucha, na hakuna kilichong'oka.

Jumamosi, 9 Agosti

Hori limekwisha. Saruji mifuko sita, mchanga wa laga uliochujwa na kuoshwa maana wa Chalbi una chumvi, siku tano za kumwagilia ili lisipasuke. Mzee wa zamu alipitisha kiganja chake ndani, kona kwa kona, akakubali. Mbuzi walikunywa humo kabla hatujaondoa vyombo vya kazi.

Vyoo vya shimo vimefukuliwa, kuta zimepakwa chokaa, kila tundu lina bomba la hewa lenye wavu juu. Mitungi saba ya gesi imefika kutoka Marsabit. Makaa ya mathenge yanachomwa na vijana wa kijiji. Tangi la pili bado. Tumejaribu kuliziba ufa kwa moto na plastiki, likashika siku mbili, likaachia.

Jumamosi, 23 Agosti

Kamati imekaa kwa simu. Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa na vikao kumi na moja. Vimebaki vinne. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, pakiwa na ubaridi; kisha hakuna kitu chochote kilichopangwa mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenzangu aliuliza tutawaambia nini wafadhili kuhusu saa saba tupu kila siku. Tutawaambia wamelala. Huyu anayepigiwa hodi saa tisa usiku miaka kumi na tisa mfululizo, saa saba za kutopigiwa hodi ni matibabu, na nitaliandika hivyohivyo kwenye ripoti.

Nimewauliza kwa simu kuhusu ombi la kina mama wa kijiji. Niliogopa kuchukua wawili. Wamejitolea kumi na wanne.

Alhamisi, 4 Septemba

Tangi limejaa: kijiti cha kupimia kinasoma lita 5,000. Limejazwa jioni tano kwa zamu yetu, bila kugusa ya mtu. Jokofu dogo la sola linasoma nyuzi 4, ndani mna dawa ya sumu ya nyoka na vifaa vya dharura vya uzazi, maana wauguzi wawili ni wajawazito. Chifu anajua, idara ya afya ya kaunti inajua, na uwanja mdogo wa ndege wa Kalacha umefagiliwa mawe ikiwa tutahitaji ndege ya madaktari. Kila kitanda kina kikaratasi: kung'uta viatu asubuhi, kuna nge.

Nimepita kisimani jioni. Ngamia ni wengi kuliko Juni, mara tatu pengine. Nimeona aibu mpya juu ya ile ya Juni, nikifikiria tungekuja na vile vyoo.

Jumamosi, 6 Septemba

Wamefika wote isipokuwa mmoja: mama mjamzito alishikwa na uchungu zahanatini kwake asubuhi gari likiwa limemfuata. Amebaki. Ametuma ujumbe mmoja: "Kula sehemu yangu."

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutoa mizigo garini. Baada ya chakula nilieleza habari ya maji: zamu, tangi, choo. Nilitarajia minong'ono. Hawa ni watu wanaochemsha vifaa kwa maji ya kubebwa na punda. Mmoja alinyosha mkono akauliza kama anaweza kuoga kwa lita 6 badala ya 10, ili nne zibaki.

Tangi, saa tatu usiku: 4,600.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi kikao cha kwanza hasa. Tulikaa kwenye kivuli cha mashariki, kwenye mikeka, viatu nje. Swali lilikuwa moja: ni mgonjwa gani bado unaye kichwani. Hayo yaliyosemwa hayaandikwi hapa. Naandika tu kwamba watu waliongea kwa zamu bila mtu kugawa zamu, na kwamba mkunga mkubwa kuliko wote alimshika mkono afisa wa kliniki mdogo kuliko wote dakika arobaini bila kuuachia.

Saa nne na nusu nilimkuta muuguzi mmoja amelala chini ya mkoma na viatu vyake miguuni, mkoba umefungwa kifundoni, kama mtu anayengoja basi. Saa nane alikuwa hajageuka. Mtoto wa kijiji, msichana wa miaka minane hivi, alikuwa amekaa karibu yake akimfukuzia nzi kwa ukuti. Hakutumwa na mtu.

Saa kumi pampu haikuwaka. Fundi alihangaika na kisanduku cha sola mpaka jua likazama: vumbi limeingia kwenye kiunganishi kimoja, kimeungua. Mifugo ilikuwa imeshakunywa na nyumba zimeshachota, ni zamu yetu tu iliyopotea. Sijawahi kushukuru hivyo kwa hasara kutuangukia sisi. Tangi: 3,200.

Usiku huu mwezi ulipatwa. Tulijua kwenye almanaki, lakini kujua si kuona. Karibu saa moja na nusu usiku ukaanza kuliwa upande mmoja, na ilipofika saa mbili na nusu ukawa wote mwekundu, rangi ya shaba chakavu, na Chalbi ambayo ilikuwa inang'aa kama bati ikazimika chini yetu. Nyota zikatoka zote kwa pamoja. Waislamu wetu wakasogea pembeni wakasimama kwa sala ya kupatwa, safu moja kwenye mchanga. Wakristo wakanyamaza ili kuwapa nafasi, kisha mmoja akaanza wimbo wa kwao kwa sauti ya chini walipomaliza. Wazee wa kijiji walikuwa wamekuja na blanketi. Kwa muda wa saa moja na dakika ishirini na mbili mwezi ulikaa hivyo. Watu hawakuingia kulala.

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi amekata kipande cha waya kutoka kwenye chaja ya gari letu, akasafisha kiunganishi kwa wembe, pampu imewaka saa tatu asubuhi, kwa wakati wa ngamia. Alfajiri ilibidi vijana wateke kwa mikono, na madereva wetu wanne na wauguzi saba waliamka kusaidia. Nilifika nikawakuta kwenye mnyororo, ndoo inapanda mkono kwa mkono, wote wamelowa. Hakuna aliyewaamsha.

Mchana ule wauguzi kumi na wanne walikaa na kina mama. Nilikaa mbali. Kitu pekee nilichokisikia ni kicheko kikubwa cha pamoja, cha muda mrefu, na baadaye kimya cha muda mrefu.

Jioni: 2,900.

Jumanne, 9 Septemba

Magari yameondoka saa mbili asubuhi. Kipimo cha mwisho: 2,400. Nimemwita abba herega aone kijiti. Alikishika kwa mikono miwili akakisoma kwa kukipapasa, alama kwa alama.

"Mmetubakizia," akasema.

Nikamwambia yalikuwa yenu. Akasema ndiyo, lakini mgeni anaweza kubakiza na anaweza asibakize. Tumefungulia lita 1,000 ziende kwenye tangi la shule, zilizobaki zitunzwe kituoni.

Jumamosi, 20 Septemba

Hesabu za kufunga. Mahema: tumelipa ya kupinda na ya kupasuka. Vivuli vya kina mama: viwili vimefumuliwa na kuhama na wenyewe, viwili wamekubali kuviacha kituoni. Nge: watatu walionekana, mmoja aliuma kidole cha mguu cha dereva ambaye hakung'uta viatu, maumivu ya usiku mmoja. Vyoo vya shimo: ofisi ya kituo imeamua vibaki ndivyo vitumike miezi ya kiangazi kila mwaka.

Yule aliyebaki zahanatini: mtoto wa kike, kilo 3.1, mama mzima. Tumemtumia mkeka mmoja.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawingu upande wa Huri Hills tangu jana. Gata la kuvunia mvua kwenye paa la ukumbi limefungwa, limeelekezwa kwenye tangi la pili. Tangi lenyewe bado lina ufa. Kiraka kipya kimefika Marsabit na mwenye lori anasema atapita Alhamisi, kama Chalbi itakuwa bado kavu.